Bibi Salme wa Unguja

Kaskazini ya mji wa Unguja, katika njia iendayo Bububu, pana magofu ya jumba kubwa karibu na pwani. Sehemu kubwa ya kuta zake imebomoka, lakini mtu akisimama hapo aweza kuona bado kwamba zamani palikuwa makao ya wakubwa. Jumba hilo huitwa Beit el Mtoni, yaani Nyumba ya Mtoni, kwa sababu ya mto mdogo upitao hapo na kuingia baharini. Katika nyumba hiyo, tarehe 30 Agosti 1844, alizaliwa binti mmoja wa mfalme, ambaye baadaye alikaa miaka mingi mbali na kisiwa chake, wala asiweze kukisahau. Jina lake alikuwa Salme binti Said.

Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Yeye ndiye aliyeihamisha enzi yake ikawa Unguja, akahimiza watu kupanda mikarafuu, hata harufu ya karafuu ikajaa kisiwani. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye hakuwa mwenyeji wa Unguja. Alizaliwa Circassia, nchi iliyo karibu na Bahari Nyeusi, mbali sana upande wa kaskazini. Alipokuwa mtoto, vita viliingia kwao, wazazi wake wakauawa, naye akachukuliwa akauzwa. Alifika nyumbani kwa Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, na tangu siku hiyo hakuiona tena nchi yake. Habari hii tuiweke moyoni, maana itatufaa mbele.

Katika nyumba ya Mtoni walikaa watu wapatao elfu: wake wa Sultani, masuria, watoto, watumishi na watumwa. Uani walitembea tausi na mbuni, paa na heroe, na watoto walikuwa wakicheza kati yao. Mbele ya Seyyid Said ilikuwa sharti watu waseme Kiarabu tu, lakini akiisha kutoka, zilisikika lugha za kila namna: Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo. Palikuwa na baraza moja ya mviringo iliyoelekea baharini. Hapo Seyyid Said alipenda kutembea huku na huko, kichwa amekiinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la risasi aliyopigwa zamani vitani. Salme alikuwa akimtazama, na picha ile haikumtoka tena.

Salme alipokuwa na miaka saba, yeye na mama yake walihama Mtoni, wakaenda mjini kukaa na ndugu yake Majid katika nyumba iitwayo Beit el Watoro. Majid alimpenda, akamfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha kwa bunduki. Salme alikuwa mtoto mwenye bidii, tena hakupenda kukatazwa jambo bila ya kuelezwa sababu yake. Siku zile watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa, maana watu waliona si jambo la kumfaa mwanamke. Salme hakukubali. Akachukua msahafu, akaanza kuziiga herufi zake moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ulitumika chuoni kama ubao. Alifanya hivyo kwa siri siku nyingi, hata mkono wake ukazoea. Watu walipopata habari walimlaumu sana, lakini alikwisha jifunza, na elimu haiwezi kunyang'anywa mtu.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, alipokuwa akirudi kutoka Oman. Majid akawa Sultani wa Unguja. Salme, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili tu, akahesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake wa fedha na shamba. Mwaka 1859 mama yake naye alikufa kwa ugonjwa wa kipindupindu. Hivyo akabaki yatima, mwenye mali lakini hana wa kumwongoza.

Mwaka ule ule ugomvi ulizuka kati ya ndugu. Barghash, mmoja wa wana wa Seyyid Said, alitaka kumwondoa Majid katika enzi. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme alimpenda Khole mno, kwa hiyo akamfuata. Sasa ile elimu aliyojifunza kwa siri ikatafutwa. Wale wenye shauri walihitaji mtu wa ndani awezaye kuandika barua zao, wakamchagua Salme. Basi binti wa miaka kumi na mitano akawa mwandishi wa watu waliotaka kumpindua ndugu yake, yule aliyemlea kwa upendo.

Shauri hilo lilijulikana. Askari wakaizunguka nyumba ya Barghash. Dada zake walikwenda kwake usiku, wakamvika mavazi ya kike, wakamtoa mbele ya macho ya askari, naye akakimbilia shamba moja liitwalo Marseilles. Majid akaomba msaada wa Waingereza, shamba likapigwa mizinga, na watu wengi wakafa. Mwisho Barghash alijitoa, akapelekwa Bombay, katika nchi ya Bara Hindi. Majid angaliweza kuwaadhibu vikali dada zake, lakini hakutaka, akawasamehe.

Salme aliona aibu na majuto. Akatoka mjini, akakaa mashambani, Kisimbani kisha Bububu. Huko Bububu nyumba yake ilikuwa karibu na bahari, naye alipenda mahali hapo kuliko pote. Baada ya muda akapatana na Majid. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini lilimletea hasara nyingine, maana Khole hakupendezwa nalo, na Barghash aliporudi kutoka Bombay alilichukua kuwa ni khiana. Tangu hapo aliweka kinyongo moyoni juu ya dada yake, na baadaye kinyongo hicho kilizidi.

Salme alirudi mjini, akakaa katika nyumba iliyokuwa karibu na nyumba ya mfanyabiashara mmoja Mjerumani, aitwaye Heinrich Ruete, mtu wa mji wa Hamburg. Katika mji wa Unguja nyumba zimesongamana, na madari huelekeana. Basi wakajuana, wakazungumza, wakapendana. Lakini yeye alikuwa binti wa Sultani na Mwislamu, na yule alikuwa Mkristo na mgeni. Kwa sheria ya dini ya Kiislamu ndoa hiyo haikuwezekana, na kwa heshima ya jamaa zake lilikuwa jambo la hatari kuu. Habari zilipoanza kuenea mjini, Salme alijua kwamba maisha yake yamo hatarini.

Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti 1866, wakati wa sikukuu ya Mwaka, ambapo kwa desturi watu hushuka pwani kuoga baharini, Salme alitoka nyumbani kama wengine. Pwani palikuwa na mashua ikimngoja. Akaingia, akapelekwa katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, nayo ikang'oa nanga, ikaelekea Aden. Alikuwa na karibu miaka ishirini na miwili. Saa chache zilitosha kumtoa katika kisiwa, nao umri wake wote uliobaki haukutosha kumrudisha.

Huko Aden alingoja miezi mingi, mpaka Ruete alipomaliza shughuli zake Unguja. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku ile ile wakaoana. Kisha wakasafiri kwenda Ujerumani. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, alifariki mwaka huo huo wa 1867, kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Hamburg ni mji mkubwa wa bandari, lakini bandari yake si kama ya Unguja. Wakati wa kipupwe jua huchelewa kutoka na kutua mapema, maji huganda, na miti husimama mitupu bila ya jani hata moja. Bibi Salme alikuwa amezoea nyumba zilizo wazi, ambamo upepo wa bahari huingia na watu hutoka na kuingia wapendavyo. Hapa aliona kila mlango umefungwa. Alikuwa amezoea nguo pana na nyepesi, akalazimika kujifunga mavazi ya kubana, na kuvaa viatu na glavu. Alipotoka, watu walimkodolea macho kana kwamba ni kitu cha maonyesho. Kijerumani hakukijua, naye hakuwa na mtu wa kuzungumza naye ila mumewe, ambaye walisemezana Kiswahili. Lugha ile ikawa kama dirisha dogo la kumtazamisha kwao.

Hata hivyo alijitahidi. Alijifunza lugha, akajifunza kupika na kutunza nyumba kwa desturi za nchi, akazaa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Kisha, katika mwezi wa Agosti 1870, msiba ulimfika. Mumewe alikuwa akishuka katika gari la reli lililovutwa na farasi, akaanguka, gari likamkanyaga, na baada ya siku chache akafa. Mtoto mdogo alikuwa hajatimiza hata nusu ya mwaka. Miezi miwili baadaye Majid naye alifariki huko Unguja. Hivyo katika mwaka mmoja alifiwa na mumewe, na pia na ndugu yule ambaye huenda angalimhurumia. Na aliyekalia kiti cha enzi sasa alikuwa Barghash.

Mali yake nyingi ilipotea. Akahama mji hata mji akitafuta mahali ambapo maisha ni rahisi: Dresden, Rudolstadt, Berlin, na kwingineko. Binti wa Sultani, aliyezaliwa kati ya mamia ya watumishi, sasa alihesabu senti za mkate wa watoto wake. Akafundisha Kiarabu ili apate riziki. Wakati wote huo aliwaza kwamba, akipata tu kuonana na ndugu zake uso kwa uso, hasira yao ingepoa, naye angepewa urithi wa jamaa zake waliokufa, tena angekaribishwa nyumbani.

Mwaka 1875 alisikia kwamba Seyyid Barghash atazuru London. Akasafiri kwenda huko kwa matumaini makuu. Lakini mkubwa mmoja wa Kiingereza, Sir Bartle Frere, alimshawishi asijaribu kumwona ndugu yake, akimpa tumaini kwamba serikali ya Uingereza itawatunza watoto wake. Naye akakubali kwa ajili ya watoto. Seyyid Barghash aliporudi kwake, Bibi Salme aliambiwa kwamba msaada huo hauwezekani, kwa sababu yeye ni raia wa Ujerumani. Akarudi mikono mitupu.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1885 Ujerumani ilikuwa ikigombana na Seyyid Barghash kwa ajili ya nchi za bara, mahali ambapo leo ni Tanzania. Manowari za Kijerumani zikatumwa Unguja kumtisha. Ndipo serikali ya Ujerumani ilipomkumbuka Bibi Salme, ikampa nafasi ya kwenda huko, si kwa kumhurumia hasa, bali kwa kuwa aliweza kuwafaa katika mashauri yao. Alisafiri pamoja na watoto wake katika merikebu iitwayo Adler. Basi baada ya miaka kumi na tisa aliziona tena pwani za Unguja, na minazi yake.

Mji ulikuwa umebadilika. Ndugu yake alikuwa amejenga jumba refu la Beit el Ajaib, lililomalizika mwaka 1883, na alikuwa ameleta maji safi mjini kwa mifereji. Mtoni, nyumba aliyozaliwa, ilikwisha anza kuwa magofu. Alipopita njiani, watu wa mji walikusanyika kumtazama na kumwamkia kwa furaha, ingawa walijua kwamba Sultani hapendi. Wao walimkumbuka kuwa binti wa Seyyid Said. Lakini Seyyid Barghash alikataa kabisa kumwona, wala hakutaka kumpa haki yoyote. Wajerumani nao, walipokwisha pata mapatano waliyoyataka, hawakuendelea kumtetea. Akapanda tena merikebuni, akaondoka.

Mwaka uliofuata, 1886, alichapisha kitabu chake huko Berlin, kwa lugha ya Kijerumani. Alikuwa amekiandika kwanza kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua mama yao ametoka wapi. Humo alieleza habari za Mtoni na za baba yake, za vyakula na mavazi, za harusi na misiba, na za ugomvi wa ndugu. Mkono ule uliojifunza herufi kwa siri juu ya mfupa wa ngamia ndio uliotuhifadhia habari hizo. Bila ya kitabu hicho tungalijua machache sana juu ya maisha ya wanawake katika nyumba za masultani wa Unguja.

Yafaa tuseme pia jambo ambalo Bibi Salme hakuliona vema. Katika kitabu chake aliutetea utumwa, akaandika kana kwamba watumwa wa Waarabu hawakuwa na taabu kubwa. Lakini uzuri wote wa utoto wake, mashamba ya karafuu, chakula tele, na mabaraza yenye upepo, ulitegemea jasho la watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Watu hao nao walikuwa na kwao. Walikumbuka milima na mito yao, na mama zao waliowaacha, kama yeye alivyokumbuka Mtoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba uliotiwa sahihi na Seyyid Barghash mwenyewe, lakini wengi wa hao walikufa kisiwani bila ya kurudi makwao. Hata mama yake mzazi, Jilfidan, alikuwa mmoja wa waliotolewa kwao kwa nguvu. Yule mama aliyempa Unguja kuwa nyumbani kwake, mwenyewe alikuwa amenyimwa nyumbani.

Mwezi wa Machi 1888 Seyyid Barghash alifariki, na ndugu yao Khalifa akatawala. Bibi Salme akapata tumaini jipya, akasafiri tena kwenda Unguja mwaka huo huo. Lakini mlango ulikuwa umefungwa vile vile: Sultani mpya hakumpokea, na wakubwa wa Kijerumani hawakutaka kumsaidia. Akaondoka na uchungu, na huo ndio mwisho wake wa kukiona kisiwa.

Safari hii hakurudi Ujerumani. Alikwenda kukaa Jaffa, katika nchi ya Palestina, kisha mwaka 1892 akahamia Beirut, akakaa huko mpaka mwaka 1914. Twaweza kufahamu kwa nini alichagua miji hiyo. Huko jua huwaka, bahari iko karibu, watu husema Kiarabu, na alfajiri husikika adhana kama aliyoisikia utotoni. Kama hakuweza kukaa kwao, alitaka angalau kukaa mahali panapofanana na kwao.

Katika uzee wake alirudi Ujerumani kukaa na watoto wake. Mwishoni kabisa, Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala Unguja siku zile, alikubali apewe pesheni ndogo. Fedha hiyo haikuwa nyingi, lakini ilikuwa dalili kwamba hatimaye jamaa zake wamemkumbuka kuwa mmoja wao. Bibi Salme alifariki katika mji wa Jena, tarehe 29 Februari 1924, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Akazikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na jamaa za mumewe. Katika vitu vyake palionekana kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja, alichokitunza miaka yote. Mchanga huo ukazikwa pamoja naye.

Mwanawe Rudolph Said aliendelea kupenda nchi ya mama yake, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya maisha ya babu yake, Seyyid Said.

Msomaji, maisha ya Bibi Salme yana mafundisho mengi. Yaonyesha jinsi elimu iliyopatikana kwa taabu inavyoweza kumletea mtu matata akiitumia katika fitina, na jinsi ile ile inavyoweza kuwafaa watu wa vizazi vingi akiitumia vema. Yaonyesha pia hasara ya kinyongo kati ya ndugu. Majid alikuwa na sababu ya kukasirika kuliko Barghash, lakini alisamehe. Barghash alikuwa Sultani mwenye akili, aliyeuletea mji maji na mambo mengi ya maendeleo, lakini kwa dada yake mmoja alikosa neno moja tu la upole.

Lakini zaidi ya hayo, maisha yake yatukumbusha kwamba kila mtu ana kwao, awe binti wa mfalme au awe mtumwa shambani, na mapenzi ya kwao hayapimwi kwa utajiri. Mgeni akija kukaa kati yetu, na tukimwona amenyamaza akitazama mbali, tusimcheke. Huenda anakumbuka mto wa kwao, kama Bibi Salme alivyokumbuka Mtoni.